Roger Casement, Shahidi wa Wanyonge wa Kongo na Amazon

Wapo watu wanaosifiwa kwa vita walivyoshinda, na wapo wanaosifiwa kwa majumba waliyoyajenga. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza na kuandika. Hakuwa na jeshi wala mali. Alikuwa na kalamu, daftari, na subira ya kumwuliza mtu mnyonge yaliyompata. Jina lake ni Roger Casement, Mwairishi, aliyekufa mwaka 1916. Wengi wanaolijua jina hilo hulijua kwa sababu ya namna alivyokufa. Lakini sisi tulio majirani wa Kongo yatupasa kumjua kwanza kwa safari aliyoifanya katika mto ule miaka 13 kabla ya kifo chake.

UTOTO NA UJANA

Alizaliwa Sandycove, karibu na mji wa Dublin, tarehe 1 Septemba 1864. Baba yake alikuwa Mprotestanti, naye alipata kuwa ofisa katika jeshi la Waingereza. Mama yake, Anne Jephson, aliwachukua watoto wake mwezi Agosti 1868 mpaka mji wa Rhyl katika nchi ya Wales, akawabatizisha kwa siri katika Kanisa Katoliki. Roger alikuwa hajatimiza miaka minne, akakua kama Mprotestanti pasipo kuyatilia maanani yaliyotendeka siku ile. Mama alifariki mwaka 1873, na baba akamfuata mwaka 1877. Yatima huyo alilelewa na jamaa za baba yake katika jimbo la Antrim, kaskazini ya Ireland.

Alipoacha shule alikwenda Liverpool, akawa karani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster. Kazi ya kukaa mezani haikumpendeza. Mwaka 1883 alisafiri kwa meli mpaka pwani ya Afrika ya Magharibi, na mwaka uliofuata akaingia Kongo, akiwa kijana wa miaka 20.

Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yakikutana Berlin, na katika mkutano ule Leopold wa Pili, Mfalme wa Wabelgiji, alifaulu kukubaliwa kuwa mwenye Kongo. Nchi ile haikuwa koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme mwenyewe, ikaitwa Dola Huru ya Kongo. Mfalme hakuikanyaga hata siku moja. Aliuambia ulimwengu kwamba nia yake ni kukomesha biashara ya watumwa, kufungua njia na kuwasaidia wamisionari. Watu wengi wema walimsadiki, na Casement alikuwa mmoja wao. Alitumikia chama cha mfalme, akapima njia ya reli iliyokusudiwa kupita kando ya maporomoko ya mto, akakaa na wapagazi na wanavijiji, akawajua watu wa mto ule siku za uzima wao. Ujuzi huo ulikuja kuwa silaha yake.

Mwaka 1892 aliingia utumishi wa serikali ya Uingereza katika pwani ya Nigeria. Mwaka 1895 akawa balozi mdogo huko Lourenço Marques, mji unaoitwa Maputo siku hizi; halafu akahamia Luanda, na mwishowe akarudishwa Kongo kuangalia mambo ya raia wa Kiingereza. Akaikuta nchi imebadilika.

BALAA YA MPIRA

Mwaka 1888 John Dunlop, aliyekaa Belfast, si mbali na mahali alipokulia Casement, alitengeneza gurudumu la mpira lenye kujazwa upepo kwa ajili ya baiskeli. Punde si punde Ulaya na Marekani zikawa na njaa ya mpira. Katika misitu ya Kongo ilikuwako mitambaazi yenye utomvu wa mpira, nao haukuhitaji shamba wala miaka ya kungoja. Ulihitaji tu watu wa kuingia msituni na kuugema.

Serikali ya mfalme ilikuwa imekwisha kuamuru kwamba ardhi yote isiyokaliwa ni mali yake; basi msitu ni wake, na mpira ni wake. Kila kijiji kikawekewa kipimo cha mpira wa kuleta. Wanaume wakisita, wake zao hukamatwa na kuwekwa rehani mpaka mpira utimie. Walinzi wenye bunduki walikaa vijijini, wakila kuku na mbuzi wa watu na kuwapiga viboko. Askari alitakiwa kutoa hesabu ya kila risasi aliyopewa, na katika sehemu nyingi hesabu hiyo ilitolewa kwa mkono uliokatwa wa mtu aliyeuawa. Askari aliyetumia risasi kuwinda nyama alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu yake isipungue.

Wa kwanza kulia walikuwa baadhi ya wamisionari wa Kiprotestanti, Waswidi, Waingereza na Wamarekani. Huko Ulaya, karani mwingine wa Elder Dempster, Edmund Morel, alikuwa akienda Antwerp kwa ajili ya kazi ya kampuni. Alipotazama vitabu vya hesabu aliona kwamba meli kutoka Kongo hufika zimejaa mpira na pembe za ndovu, na zirudipo hupeleka bunduki na risasi kuliko bidhaa za kulipia. Akajiuliza watu wa Kongo walipwa nini, akaona hawalipwi kitu. Aliacha kazi, akaanza kuandika magazetini. Mwezi Mei 1903 Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo, na serikali ikampelekea Casement simu aende bara akachunguze.

SAFARI YA MWAKA 1903

Alianza safari mwezi Juni. Kwanza alikataa kusafiri kwa meli za serikali ya Kongo, maana alijua kwamba mgeni anayebebwa na mwenye nyumba huonyeshwa sebule tu. Aliazima kwa malipo meli ndogo ya moshi ya wamisionari wa Kibaptisti wa Marekani, ikiitwa Henry Reed. Kwa hiyo aliweza kutua popote, kukaa apendavyo, na kusema na watu pasipo ofisa kusimama karibu.

Tena alikuwa na kipimo wasichokuwa nacho wageni wengine. Alikumbuka vijiji kama alivyoviona zamani. Mwaka 1887 aliiona Lukolela ikiwa na watu wapatao 5,000. Mwaka 1903 waliobaki hawakufika 600. Mahali pengine alikuta mahame tu, nyasi zimeota penye viwanja. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeua wengi, naye hakuficha jambo hilo. Lakini alieleza kwamba watu walionyimwa chakula, usingizi na mashamba yao hawana nguvu ya kupambana na ugonjwa.

Karibu na Bolobo alikutana na wakimbizi waliotoka nchi ya mpira. Aliwaketisha, akawauliza mmoja mmoja kwa njia ya mkalimani: ulitoka wapi, nani alikufukuza, nani aliuawa, uliona kwa macho yako au uliambiwa? Habari zao zilikuwa za kutisha hata mwanzoni aliona vigumu kuzisadiki. Baadaye mmisionari mmoja aliyefika katika nchi yao alithibitisha mambo yale yale.

Akaendelea mpaka mito ya Lulonga na Lopori, kwenye makampuni yaliyopewa haki ya mpira. Huko aliona wanawake waliofungwa rehani, na wanaume wakileta vikapu vya mpira chini ya ulinzi wa bunduki. Katika kijiji kimoja aliletewa kijana aliyeitwa Epondo, aliyepoteza mkono wake wa kushoto, naye akamtaja mlinzi wa kampuni kuwa ndiye aliyeukata. Casement hakutosheka kuandika na kuondoka. Alimwita mlinzi huyo mbele ya wazee na watu wote wa kijiji, akamwambia kijana aseme tena mbele ya uso wake. Kijana akasema. Mlinzi akakana.

Baada ya Casement kuondoka, maofisa wa serikali walimhoji tena kijana yule, naye akageuza maneno, akasema mkono wake ulitafunwa na nguruwe mwitu. Watetezi wa mfalme wakashangilia. Wakadai kwamba kama habari hii si kweli, basi zote si kweli. Hapa twaona sababu ya mtu mwenye busara kutojenga nyumba yake juu ya nguzo moja. Kijana mmoja aliye mikononi mwa wenye nguvu aweza kuyumbishwa. Lakini ripoti ya Casement haikusimama juu ya kijana mmoja. Ilisimama juu ya vijiji vingi, juu ya hesabu, na juu ya mambo aliyoyaona mwenyewe.

Ripoti ilitangazwa mwezi Februari 1904. Kwa kuogopa lawama, wakubwa wa London walikuwa wamefuta majina ya watu na mahali, wakaweka herufi tu. Casement alikasirika sana. Alijua kwamba mtu aliyekatwa mkono akiitwa kwa herufi, msomaji wa mbali humwona kama hadithi. Bali mwenye jina na kijiji ni mtu kama sisi.

KUSADIKI NA KUTOSADIKI

Yatupasa sasa kusema neno linalotuhusu sisi Wakatoliki, wala si neno la kujisifu. Ripoti ilipotoka, wengi wa ndugu zetu wa Ulaya na Marekani hawakuisadiki. Walisema mashahidi ni Waprotestanti, na mfalme ni Mkatoliki. Basi bila shaka ni wivu wa dini na tamaa ya wafanya biashara wa Liverpool. Hata Kardinali Gibbons wa Baltimore, mtu mwenye sifa kubwa ya kuwatetea wafanya kazi katika nchi yake, alimtetea Leopold. Katika Kongo yenyewe mapadre wengi, waliofika chini ya ulinzi wa mfalme, walinyamaza. Walipima habari kwa kumtazama anayeisema, wakasahau kuuliza kama ni ya kweli.

Hata hivyo wapo waliojisahihisha. Mwaka 1906 Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji na mwalimu wa maadili, alitoa kitabu juu ya suala la Kongo, akaulaumu utawala ule kwa hoja za haki na dhamiri. Ilimpasa kusema dhidi ya mfalme wa taifa lake mwenyewe, na twamheshimu kwa ajili hiyo.

Wakati huo Casement na Morel walikuwa wamekwisha kukutana na kuwa marafiki. Mwezi Machi 1904 Morel alianzisha Chama cha Kuitengeneza Kongo, na Casement, asiyekuwa tajiri, alitoa paundi 100 za kuanzia. Leopold naye, kwa kutaka kujisafisha, alituma tume ya mahakimu watatu: Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi. Alitumaini watamwosha, lakini mahakimu wale waliwasikiliza wenyeji. Mbele yao alikuja Lontulu, mkuu wa Bolima, amebeba vijiti 110. Aliviweka mezani kimoja kimoja. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Mzee huyu hakuwa na daftari, lakini alikuwa ameweka hesabu. Ripoti ya tume, iliyotoka mwaka 1905, ilithibitisha mambo makubwa aliyoyaandika Casement, ikalaumu pia baadhi ya taratibu za misioni zetu za kuwakusanya watoto. Mwezi Novemba 1908 mfalme alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku ile, wala utawala mpya haukuwa wa haki yote; lakini milki ya mtu mmoja juu ya mamilioni ya watu ilikwisha.

MTO MWINGINE

Casement alihamishiwa Brazili, akapanda mpaka kuwa balozi mkuu wa biashara huko Rio de Janeiro. Huenda angemaliza miaka yake kwa utulivu. Lakini mwaka 1909 gazeti moja la London lilitangaza habari za Mmarekani aitwaye Walter Hardenburg, aliyepita katika nchi ya mto Putumayo, mkono mmoja wa Amazon, nchi iliyogombewa na Peru na Kolombia. Huko Julio César Arana alikuwa na kampuni ya mpira iliyoandikishwa London, tena yenye wakurugenzi Waingereza. Ilisemekana kwamba Wahuitoto, Wabora na wenyeji wengine waliteswa namna ile ile ya Kongo.

Serikali ya Uingereza ilipata mlango wa kuingilia: kampuni ilikuwa imeajiri watu weusi kutoka kisiwa cha Barbados, nao walikuwa raia wa Kiingereza. Mwaka 1910 Casement alitumwa kuwaangalia, akafuatana na tume ya kampuni yenyewe. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Watu wa Barbados walikuwa wamedhulumiwa kwa madeni ya dukani yasiyolipika, na pia wao wenyewe walilazimishwa kuwapiga na kuwatesa wenyeji. Kusema kweli kulikuwa kujishtaki. Casement aliwahoji wapatao 30, akawapa moyo mpaka wengi wakakiri waliyoyaona na waliyoyatenda, hata mbele ya mabwana zao. Aliona mikatale ya kufungia miguu. Aliwaona watu wazima na watoto wenye makovu ya viboko, ambayo nchini kule yaliitwa alama ya Arana. Aliinua mizigo ya mpira waliyobebeshwa watu wenye njaa, akaipima.

Mwaka 1911 alipewa cheo cha Sir kwa ajili ya kazi hizi, naye akakipokea kwa moyo mzito, maana mapenzi yake kwa Ireland yalikuwa yakizidi. Tarehe 7 Juni 1912 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi aliwaandikia maaskofu wa Amerika ya Kusini waraka wa kulaani mateso ya wenyeji na kuhimiza misioni kwao. Mwezi Julai ripoti ya Casement ikatangazwa London, na Bunge likaweka kamati ya kuwahoji wakurugenzi. Kampuni ikavunjwa. Mahakama ya Peru ilitoa hati za kukamata watu zaidi ya 200, lakini wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Arana hakufungwa, baadaye alikuwa seneta, akafa mwaka 1952. Kalamu ya shahidi huweza kuzuia mkono wa mjeledi, lakini hukumu ni kazi ya wengine, nao si kila mara huifanya.

MWISHO WAKE

Mambo aliyoyaona yalimgeuza Casement. Aliyeona mataifa makubwa yakitawala wengine kwa manufaa yao alianza kuitazama nchi yake kwa macho yale yale. Aliacha utumishi mwaka 1913, akajiunga na waliotaka uhuru wa Ireland. Vita Kuu ilipoanza alikwenda Ujerumani, adui wa Uingereza, kutafuta silaha, na kujaribu kuwaandikisha mateka Waairishi wapigane upande wa uhuru. Wachache tu walimfuata. Tarehe 21 Aprili 1916, siku ya Ijumaa Kuu, alishuka katika pwani ya Kerry kutoka meli ya Kijerumani ya chini ya maji, akakamatwa siku ile ile. Alihukumiwa London kwa uhaini, akanyang'anywa cheo chake.

Watu mashuhuri, kama vile mwandishi Arthur Conan Doyle, waliomba asinyongwe. Ndipo maofisa wa serikali wakawaonyesha watu kwa siri kurasa za daftari zilizosimulia mambo yake ya faragha na wanaume, ili huruma ipoe. Daftari hizo zilibishaniwa miaka mingi. Uchunguzi wa mwandiko uliofanywa mwaka 2002 ulisema ni zake. Sisi twasema hili: Mungu peke yake ndiye ajuaye moyo wa mtu, na daftari zile hazikurudisha mkono wa mtu hata mmoja, wala hazikufuta kijiti kimoja cha Lontulu.

Gerezani alimwita padre. Ubatizo wa Rhyl ulikumbukwa, akapatanishwa na Kanisa la mama yake. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1916 alipokea Komunyo Takatifu, akanyongwa katika gereza la Pentonville, umri wake miaka 51. Alizikwa ndani ya ua wa gereza. Mwaka 1965 mabaki yake yalirudishwa Ireland na kuzikwa kwa heshima katika makaburi ya Glasnevin, na Rais de Valera, mzee wa miaka 82 aliyekuwa mgonjwa, alitoka kitandani kuhudhuria.

Wasomaji wetu wapendwa, si kila mmoja wetu atatumwa kuchunguza mto. Lakini katika kila nyumba yuko mtumishi, mtoto wa ndugu, mjane au kibarua, ambaye siku moja atakuja na neno la kuogofya, pengine juu ya mtu tunayemheshimu, pengine juu ya mtu wa dini yetu. Tusimfukuze kwa sababu ya udogo wake, wala tusikubali kila uvumi bila kupima. Tumketishe, tumwulize taratibu, tuulize na wengine, na jina lake tusilisahau. Wakatoliki wa mwaka 1904 walikuwa na nafasi hiyo, na wengi wao waliiacha ipite.